Zima Hiyo Sumaku

"Kaka, FL ama Ableton?" Hilo ndilo swali. Linakuja kwa WhatsApp saa tano usiku, linakuja nikiwa kwa boda, linakuja hadi kanisani wakati wa sadaka. Msee wa Lodwar akisikia unatengeneza biti, haulizi unatengeneza nini. Anauliza unatengenezea wapi. Halafu mengine yanafuata kwa mstari kama mbuzi wanaoenda kisimani: plagini gani inafanya sauti iwe "kama ya Nairobi", ile besi ya amapiano inapatikana wapi bure, kompyuta ikikwama katikati nifanye nini, Auto-Tune niweke ngapi.

Baadhi ya hayo nitayajibu hapa, kwa sababu mtu akikuuliza njia si vizuri kumpa hotuba tupu. Lakini nina ugomvi, na acha niutoe kwanza. Sisi tunaotengeneza muziki Lodwar na Kakuma tumezipa hizi programu heshima ambayo hata wazee wetu hatuwapi. Programu ikisema wimbo una mapigo manne, tunanyamaza. Ikisema tempo ni moja mwanzo hadi mwisho, tunaitikia ndiyo. Ikisema sauti ya mama imetoka nje ya noti, tunamrekebisha mama.

Fungua FL Studio mpya, usiguse kitu. Tayari mambo kadhaa yameamuliwa kwa niaba yako. Mapigo manne kwa kila kipimo. Kasi moja. Noti kumi na mbili zilizogawanywa sawasawa, kama za kinanda. Na pale juu kuna alama ndogo ya sumaku. Kazi ya sumaku hiyo ni kunasa kila kitu unachoweka na kukivuta hadi kwenye mstari ulio karibu. Hakuna aliyekuuliza kama unautaka huo mstari. Umewekewa, na kwa kuwa umewekewa unadhani ni sheria ya muziki, kumbe ni maoni ya watu fulani waliokaa mahali fulani.

Watu hao wanajulikana. Mwaka wa 1980 Roger Linn wa California alitoa mashine ya ngoma iliyoitwa LM-1, na ndani yake akaweka uwezo wa kusahihisha mapigo: ukigonga umechelewa kidogo, mashine inakusogeza hadi mahali "sahihi". Hapo ndipo kwantaizi ilipoanza kuingia mikononi mwa watu. Na Linn mwenyewe hakuwa mjinga. Kwenye mashine hiyo hiyo aliweka na njia ya kuyayumbisha mapigo, maana alijua kwamba ukinyoosha kila kitu muziki unakauka. Mwaka wa 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ikatoa FruityLoops, ambayo leo ndiyo FL Studio. Mwaka huo huo ikaja Auto-Tune ya Andy Hildebrand. Huyu jamaa, kabla ya muziki, alikuwa mtu wa mafuta. Alichambua mitetemo inayorushwa ardhini ili kampuni zijue petroli imelala wapi chini ya mwamba, na hesabu za kazi hiyo ndizo alizozileta kwenye koo za waimbaji. Nikiwaambia watu wa Lokichar story hii wanacheka, kwa sababu mitetemo ya namna hiyo ilipita chini ya miguu yao pia kabla kisima cha Ngamia-1 hakijatangazwa Machi 2012. Kwanza walitupima ardhi, sasa wanatupima sauti.

Sisemi hao ni maadui. Walikuwa na shida zao wakazitatua, na wakazitatua vizuri. Ninachouliza ni kwa nini suluhisho lao tulipokee kama mvua.

Chukua edonga. Kwa ambaye hajawahi kusimama karibu nayo: hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna kinanda. Kuna sauti, makofi na miguu. Mmoja anaongoza, wengine wanapokea, watu wanaruka na kutua pamoja, na huko kutua ndiko ngoma yenyewe. Shanga zinagongana, vumbi linapanda, ardhi inaitika. Niliwahi kurekodi moja jioni upande wa mto Turkwel, halafu usiku nikakaa nayo nikiipima kwa kugonga kidole. Kwa FL ni rahisi, bofya kulia kwenye namba ya tempo, utaona mahali pa kugonga. Ilianza chini kidogo ya 100. Watu walipopata moto ilikuwa imepita 110. Katikati kiongozi alivuta neno moja kwa muda anaoutaka yeye, na wote wakamngoja hewani.

Sasa msee wa kozi za intaneti atakuambia: hao wamekimbia, warekebishe. Na produsa wetu anamtii. Anaikata ile edonga vipande, anachukua kipande kimoja cha vipimo vinne kilichokaa vizuri, anakinyoosha hadi 112, anakirudia rudia. Halafu kishindo cha miguu anaona kina matope, anakiondoa, anaweka kiki ya sampo mahali pake, kwenye mstari kabisa.

Fikiria alichofanya. Watu thelathini wakitua hawatui kwa nukta ile ile. Kuna mzito anayewahi, kuna mwepesi anayechelewa, kuna mtoto aliye nyuma anayeiga. Hiyo tofauti ndogo, ya sehemu ndogo sana ya sekunde, ndiyo inayofanya sikio lako lijue kuwa ni watu thelathini. Iondoe, na hao thelathini wanakuwa mtu mmoja mwenye kiatu kikubwa.

Kuna ushauri mwingine unaopatikana kwenye kila video: kata kila kitu kilicho chini ya 100 Hz kwenye sauti za watu, huko chini kuna kelele tu. Kwa kijana anayeimba peke yake chumbani, karibu na maikrofoni, ushauri ni mzuri. Kwa edonga ni maafa. Huko chini ndiko miguu iko! Nimesikia rekodi ngapi za kwetu zilizosafishwa hivi, sauti zinaelea juu kama watu walioning'inizwa, hawagusi chini. Mimi nafanya hivi: maikrofoni moja naiweka kwa urefu wa kifua, nyingine naishusha karibu na ardhi na kuielekeza kwa miguu, nimeivalisha soksi mbili kwa sababu ya upepo. Ya juu naikata chini nikipenda. Ya ardhini siigusi. Na kifaa cha kuzima sauti ndogo ndogo, kile ambacho kila mtu anakiweka ili kuondoa pumzi, nakizima. Pumzi ya mtu aliyetua kutoka hewani ni sehemu ya wimbo.

Na tempo? Hapa ndipo watu wengi wananiambia haiwezekani, biti lazima iwe na kasi moja. Lazima ya nani? Weka rekodi kwanza, bila metronomu, halafu uifuate. Kwa REAPER unachagua kipimo kimoja kwa kipanya, unaiambia programu itengeneze kipimo kutokana na hapo, unasonga kwa kinachofuata. Inachosha, ndio, lakini ukimaliza mistari ya gridi inafuata miguu ya watu. Ableton tangu toleo la 11, la mwaka 2021, inaweza kusikiliza mpiga ngoma na kumfuata kasi yake. Kwa FL, tempo yenyewe inaweza kuchorewa mstari wa kupanda na kushuka: bofya kulia, tengeneza klipu ya otomesheni, kisha hakikisha rekodi yako haijaambiwa inyooke pamoja na tempo. Tangu FL Studio 20, ya mwaka 2018, unaweza pia kubadilisha idadi ya mapigo katikati ya wimbo. Na sumaku ile, izime. Kama hutaki kuizima moja kwa moja, shikilia Alt unaposogeza kitu, haitakunasa. Yaani hizi nguvu zote zipo. Programu haijakataa. Ni sisi hatujaiomba.

Swali la seben nililisikia Kakuma, na lilinifanya niandike haya. Kuna shirika fulani, silitaji, lilileta mafunzo ya muziki kambini ya wiki mbili. Mimi nilikuwa mkalimani, nikitoa maneno ya mkufunzi kutoka Kiingereza na kuyaweka kwa Kiswahili. Kompyuta mpya, programu ya bei, viyoyozi. Kila mwanafunzi alipewa faili ile ile ya kuanzia: tempo 120, mapigo manne, kichwa "amani". Mpiga ngoma mmoja kutoka Burundi, mtu ambaye mikono yake inajua vitu ambavyo UNESCO iliviweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, alipewa padi ndogo yenye vitufe kumi na sita na kuambiwa afuate taa. Dada mmoja wa Kongo, mpiga gitaa wa kanisani, akauliza: "Nifanyeje seben iingie ikiwa na kasi kuliko ubeti?" Kila anayejua rumba anajua anachouliza. Ubeti unabembeleza, halafu gitaa linafunguka, na watu waliokuwa wamekaa wanasimama. Jibu alilopewa, na ambalo mimi ndiye nililitafsiri kwa mdomo wangu, ni kwamba kasi ikibadilika madijei hawataweza kuunganisha nyimbo.

Dada yangu, popote ulipo, jibu lako liko aya mbili juu. Ichoree tempo mstari. Iinue vipimo viwili kabla gitaa halijaingia. Madijei watajijua.

Wiki mbili zilipokwisha, kompyuta zilirudishwa kwenye makatoni. Nyimbo kumi na kitu zilibaki, zote za kasi moja, zote za amani.

Lakini mapigo ni nusu ya ugomvi. Nusu nyingine ni jina.

Kwa Waturkana mwanaume ana emong wake, maksai wake wa moyoni. Anamvisha kengele, anazitengeneza pembe zake, anachukua jina kutokana naye, na anamtungia wimbo. Akicheza ananyanyua mikono ikawa pembe. Wimbo huo ni wake jinsi pua ilivyo yake. Sasa vuka laga ya Tarach uingie kambini, ukae na Mdinka. Utakuta jambo lile lile. Francis Mading Deng aliliandika zamani kwenye kitabu chake cha nyimbo za Wadinka, cha mwaka 1973: wimbo una mwenyewe, na hata kama fundi mwingine ndiye aliyekutungia, ukishakuwa wako ni wako. Mturkana na Mdinka wanagombania maji na kuni pale Kakuma, lakini kwa hili wangeelewana kabla chai haijapoa. Nani hawaelewi? Sisi wenye kompyuta.

Kuna wimbo unapigwa sana kwenye matatu kati ya Lodwar na Kakuma. Safari ni ya kama kilomita 120, na niliusikia mara tatu kabla ya kushuka. Sauti ya mzee, sekunde sita, inazunguka juu ya biti ya amapiano. Biti ni kali, sikatai. Ukienda YouTube unakuta jina la produsa, jina la anayerap, jina la aliyepiga video, jina la duka la nguo. Mzee ameandikwa "sauti za asili". Asili! Kama maji ya chemchemi. Na zile sekunde sita zimekatwa mahali ambapo gridi ilitaka, sio mahali ambapo neno linaisha, kwa hivyo jina la maksai limebaki nusu. Wimbo mzima unamwita nusu ng'ombe.

Mtu atasema: si ni sampo tu? Hapana, tuongee vizuri. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, mwenye rekodi ya sauti ni yule aliyepanga irekodiwe, na wimbo wenyewe hauhesabiki mpaka uandikwe au urekodiwe. Unaona hapo? Mzee ameuimba wimbo wake miaka arobaini, akiwa hai, mbele ya watu wanaojua ni wake. Unakuja wewe na laptopu, unabonyeza kitufe chekundu, na kwenye karatasi rekodi ni yako. Sheria inataka mtumbuizaji akubali kwanza, ni kweli, na tangu 2016 tuna sheria nyingine ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotaka idhini ya jamii na inayozipa kaunti kazi ya kuweka rejista. Lakini niambie ni produsa gani wa Lodwar amewahi kutoa karatasi ya idhini kabla ya kutoa maikrofoni. Tunasema "mzee imba kidogo", tunampa mia mbili ya chai, tunaondoka. Halafu tunaingia mtandaoni kulia kwamba wazungu wanatuibia muziki.

Najua watakaonijibu, na wako wa aina mbili.

Wa kwanza watasema: redio haitapiga, vijana wanataka kitu cha kudensi, ukiacha kasi ihame umekufa njaa. Basi angalieni majirani. Pale Dar es Salaam, wasee wa singeli walichukua kompyuta za kawaida kabisa na programu hizi hizi, wakazisukuma hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika, wengine karibu na 300, mahali ambapo hakuna video ya mafunzo inayokuambia uende. Walipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, dunia ndiyo iliyokimbia kuwafuata. Na Gulu, kaskazini mwa Uganda, karibu na sisi kuliko Mombasa: Leo Palayeng na Otim Alpha walichukua nyimbo za harusi za Waacholi, larakaraka, wakaziingiza kwenye kompyuta kwa sababu za mfukoni kabisa, maana kuleta kikundi kizima harusini ni gharama. Wakazijenga upya kwa programu, na kasi ikabaki ya kule kule Acholi. Gulu City Anthems nayo ilitoka 2017. Hakuna mmoja kati ya hawa aliyeuliza ifanyweje iwe kama ya Nairobi.

Wa pili ni wale wa mila. Watasema kompyuta yenyewe ndiyo shida, edonga iachwe ilipo, tuione Tobong'u Lore mara moja kwa mwaka viongozi wakiwa wamekaa kwenye hema. Hao nao waniache. Kijana wa Kanamkemer ambaye hajawahi kuchunga hata mbuzi mmoja ana haki ya kutunga wimbo wa pikipiki yake kwa mtindo ule ule ambao babu yake alimtungia maksai, kwa simu, kwa BandLab, akiwa amelala kitandani. Ningependa sana kuusikia. Naomba tu asiambiwe na simu mahali pa kupumua.

Sasa yale maswali mengine, haraka haraka.

Kompyuta kukwama. Hapa kwetu nusu ya shida ni joto. Ikifika saa nane mchana usifanye miksi, tengeneza usiku au alfajiri. Iinue laptopu kwenye vifuniko vinne vya soda hewa ipite chini, puliza vumbi kwenye feni. Ukiwa unarekodi weka bafa kama 256, ukiwa unamiksi ipandishe hadi 1024. Track ambazo umemaliza zigeuze kuwa sauti tupu na uzime plagini zake. Na hifadhi kila dakika tano, kwa sababu stima haitakuaga. Hili nalo lina kichekesho chake. Kwa miaka yote niliyoishi hapa, Lodwar imetegemea jenereta za dizeli. Bwawa la Turkwel, megawati 106, linazalisha tangu 1991, na laini yake kubwa ilielekezwa Lessos. Ng'ambo ya ziwa, kule Loiyangalani, kuna upepo wa megawati 310, na laini yake inakwenda Suswa. Kakuma kambini watu wananunua stima kwa wafanyabiashara wenye jenereta. Gridi ya taifa ilitupita, ile ya FL Studio imefika hadi kitandani.

FL ya bure. Ile ya majaribio kutoka kwa wenyewe haina muda wa kuisha, na itakuruhusu kutoa wimbo kamili. Ila ukishahifadhi mradi na kuufunga, huwezi kuufungua tena hadi ununue. Wengi hawajui, wanalia asubuhi. Toa kila track peke yake kama WAV kabla ya kufunga. Na kabla hujalipia toleo la bei ya chini zaidi, hakikisha kwanza kama linakuruhusu kupanga rekodi za sauti kwenye orodha ya kucheza, maana bila hilo kwa kazi ya kurekodi watu halikufai.

Kraki. Sitakuhubiria, lakini ile ambayo mlipeana kwa flashi hapa mjini huja na wageni, na hao wageni hula faili. REAPER ina uzito wa nyimbo tatu nne za MP3, haimalizi bando, unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Baada ya siku hizo haikufungii mlango, inakukumbusha tu, kwa hivyo lipa ukipata. LMMS ni bure moja kwa moja. Kulipa mtandaoni kunawezekana kwa kadi ya M-PESA iliyoanza 2022, ikiwa laini ina jina lako. Kwa mkimbizi ambaye laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha rafiki, hapo ndipo safari inaishia, na hilo halitatuliwi na plagini.

Auto-Tune niweke ngapi. Kama ni wewe unarap na unataka ile sauti ya roboti, weka sifuri, furahi. Kama ni watu wanaimba pamoja bila ala, usiiweke kabisa. Sauti zisizo na ala huhama polepole, kundi zima linahama pamoja, na ukimvuta mmoja kwenye noti ya kinanda umemtoa kwenye kundi. Waethiopia wa kambini wenye krar watakuambia vivyo hivyo kuhusu nyuzi zao. Ukitaka kinanda chako ndicho kiwafuate watu, Ableton 12, ya mwaka 2024, imeruhusu mizani za sauti zisizo za kinanda, na Khyam Allami na wenzake walitoa 2021 kifaa cha bure cha mtandaoni, Leimma, kinachofanya kazi hiyo hiyo kwenye kivinjari.

FL ama Ableton. Yoyote. Maze, yoyote.

Lakini ukitumia FL kuna kitufe kimoja ambacho sijawahi kukuta kimetumika kwenye mradi wowote ulioletwa kwangu kutoka Kakuma au Lodwar. Bonyeza F11. Kitafunguka kisanduku cha habari za mradi, chenye nafasi ya jina la wimbo, nafasi ya mwandishi, na nafasi kubwa ya maelezo. Kila mara ni tupu, ama pana jina la produsa na namba yake ya simu. Kwangu siku hizi sianzi kazi kabla hakijajazwa. Nani anaongoza, nani wanapokea, imeimbwa wapi, nani alikubali na kwa sharti gani, wanagawana vipi ikilipa. Mzee akija na wimbo wa maksai, namwomba jina la maksai pia, analisema polepole, silabi kwa silabi, mimi naliandika, namsomea, ananisahihisha. Mara nyingine hilo linachukua muda mrefu kuliko kurekodi.